Herufi Iliyompandisha Mama Cheo

Nimechoka kuulizwa kwa nini mama yangu ananiita Stashahada. Majirani wanauliza. Mwalimu wangu wa darasa alimsikia mama siku ya kikao cha wazazi, naye akauliza. Hata muuza vitumbua wa pale kona, ambaye miaka yote hakuwahi kuniuliza neno zaidi ya "vingapi?", siku hizi anauliza. Huwa najibu kwamba niliisomea nikiwa tumboni. Watu wanacheka, mimi naendelea na njia yangu. Ila kila nikilitoa jibu hilo nachoka kidogo zaidi, kwa hiyo naandika mara moja, anayetaka asome, kisha aniache nile kitumbua changu.

Tunakaa Isevya, mimi, mama na bibi aliyemzaa mama. Baba aliondoka kwenda kutafuta maisha nikiwa darasa la pili. Nadhani bado anayatafuta. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na watu wakisikia mpishi wanafikiri kazi yake ni kupika. Kazi yake ilikuwa kusimama. Alisimama mbele ya sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake na nafasi ikabaki, akasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, tangu wanafunzi hawajapiga mswaki mpaka jioni. Akirudi nyumbani miguu imevimba, mikanda ya kandambili imemwachia alama kama amechorwa kwa kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji, kutia chumvi na kumsogezea beseni. Nimeianza nikiwa darasa la tano na sasa niko kidato cha tatu. Hesabu zinanishinda, lakini kwa beseni sina mpinzani.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mama alisomea nyuki. Kabla sijazaliwa alikaa chuoni mwaka mmoja, akatoka na cheti cha ufugaji nyuki, akafanya kazi misimu kadhaa na vikundi vya warina asali huko porini. Kisha nikaja mimi, na baada yangu ikaja sufuria. Cheti kikaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kitenge cha harusi na picha ya baba. Vitu vitatu, vyote havina kazi.

Siku moja mjomba, mdogo wake mama, dereva wa bodaboda, alikuja na tangazo kwenye simu yake. Kuna kiwanda cha kuchakata asali upande wa Itetemia kilikuwa kinatafuta msimamizi msaidizi wa ubora. Mama alilisoma akiwa miguu yake imo kwenye beseni. Akalisoma tena polepole. Halafu akauliza swali moja tu.

"Huyo msimamizi anakaa?"

"Dada, yule ana meza," mjomba akasema. "Ana kiti kinachozunguka. Nilipeleka mzigo pale, nimekiona kwa macho yangu haya."

"Yaani msimamizi ndiye anayekaa," nikasema. "Kiswahili bwana! Basi mkaaji atakuwa yule aliyelala."

Mama alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Si mtu wa kucheka siku za kazi, kwa hiyo nilijua amekitaka kile kiti. Hakuwa anataka ofisi wala cheo. Alitaka kiti.

CV niliichapa mimi. Kaka mwenye steshenari ya jirani huniruhusu kutumia kompyuta yake kuukuu kwa sababu nachapa haraka kuliko yeye, na kwa sababu anapenda ninavyomwigiza mkuu wetu wa shule. Kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: kitufe cha A kilikuwa kinagoma. Ulitakiwa ukigonge kama unambishia hodi mtu anayejua umekuja kumdai. Ukigonga kistaarabu, A haitoki. Nilipochapa mara ya kwanza, mama alikuwa mkazi wa Tbor. Nikarudi kurekebisha. Na usiniambie kwamba kompyuta huwa inaonyesha makosa, kwa sababu ile haikujua Kiswahili hata cha salamu. Ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya kila neno, zima na bovu, kama mwalimu aliyeamua kutuadhibu darasa zima.

Kwa hiyo nikawa nasaka A zilizopotea kwa macho. Neno lililopungukiwa A linaonekana haraka, lina sura ya mgonjwa. Nilipofika kwenye elimu, nikaona mstari umeanza na s ndogo. Nikajipongeza kwa kuwa makini. Nikaifuta, nikaweka S kubwa, safi kabisa. Kumbuka hiyo S, nitairudia.

Mama alikuja kusaini akiwa ametoka jikoni, bado ana unga kwenye nyusi.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Kila mstari?"

"Mama, nani mwenye A ya Kiswahili katika nyumba hii?"

Akasaini.

Alipotoka kwenye usaili alirudi amechangamka. Bosi wa kiwanda ni mwanamke, tena Mzaramo. Sasa sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Utani huo umetoka kwenye misafara, wakati mababu zetu wanatembea kutoka huku mpaka pwani na mizigo mabegani, wakipita kwenye nchi za kina bosi. Mwalimu wetu wa historia anaisimulia njia ile kana kwamba malengelenge bado anayo. Basi bosi alipojua mama ni Mnyamwezi, alimuuliza kama kiatu kimekuja na mguu wake au ameazima, mama akamjibu kwamba huku viatu vinaazimwa na Wazaramo tu. Baada ya hapo wakaongea nyuki saa nzima. Vyeti, bosi alisema, angevileta akipata kazi.

Barua ikaja siku ya Ijumaa. Mjomba aliileta mbio mpaka mlangoni na injini hakuzima. Mama akakaa kwenye kigoda, akamsomea bibi kwa sauti ya kanisani. Kwamba wanafurahi kumpa nafasi ya msimamizi msaidizi wa ubora. Kwamba wamezingatia Stashahada yake ya Ufugaji Nyuki pamoja na uzoefu wake. Kwamba aripoti na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili.

"Shahada?" bibi akashtuka. Bibi ni Mmoravian wa kiti cha mbele. "Shahada si ya kina jirani wa pale msikitini? Umesilimu lini?"

"Si hiyo, mama," mama akasema, anacheka mpaka hana pumzi. "Hizi ni za shule. Zinapandana kama ngazi. Chini kuna astashahada, ndiyo yangu mimi, ya mwaka mmoja. Juu yake kuna stashahada, hiyo wanasoma zaidi. Juu yake tena ndiyo shahada yenyewe, ya chuo kikuu."

"Kwa hiyo wewe uko chini."

"Mimi niko chini, lakini nimo kwenye ngazi."

Bibi akaridhika. Mama akaibusu barua. Mimi nikasimama pale na sahani mkononi. Nililisikia neno alilosoma na nikalisikia neno alilosema, na hayakuwa neno moja. Nikaiona ile s ndogo. Nikajiona mwenyewe naifanya kubwa. Maneno yote ya Kiswahili ukiyanyima A yanaugua, isipokuwa hilo. Hilo ukilinyima A linapanda cheo.

Ningesema palepale, leo tungekuwa tunasimulia kichekesho. Sikusema. Jumamosi mama alilala mchana, mdomo wazi, miguu juu ya mto, kitu ambacho sijawahi kukiona. Sikusema. Jumapili mchungaji alimwinua mbele ya usharika, wanakwaya wenzake wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi, tena kwa nguvu, ili mikono ifanye kelele kuliko kichwa.

Jumapili ileile mchana akavuta sanduku la bati atoe cheti, akitolee nakala Jumatatu. Mimi nilikuwa mlangoni. Akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akalisoma lile neno. Akachukua barua, akalisoma la kule. Akatoa nakala ya CV kwenye bahasha. Vidole vyake vikawa vinatembea chini ya herufi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Wamekosea hawa," alisema kwanza. Halafu kidole kikafika kwenye CV. "Hapana. Tumekosea sisi."

"Mama, ile A—"

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni lini?"

"Jumapili."

"Kanisani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulipiga makofi."

"Nilipiga."

Nilikuwa na kichekesho mdomoni, cha kuhusu kitufe, kimeiva kabisa. Kikarudi tumboni chenyewe. Mama alifunga sanduku, akakaa juu yake. Angenichapa ningejua kipi kinafuata. Alikaa tu, anajikanda goti, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka.

Mjomba alipopita jioni na kuelezwa, hakuona tatizo.

"Herufi moja, dada! Nani anahesabu herufi? Wewe peleka vyeti, kaa kwenye kiti chako. Wakija kuona, sema hukujua. Kwani ulijua?"

"Sikujua. Sasa najua."

"Sasa hivi sahau."

"Na wakikivuta hicho kiti na yeye yumo?" bibi akauliza kutoka jikoni. Tulidhani hasikii.

"Hawavuti, mama. Wazaramo wavivu."

Mama hakucheka. "Nitakaa pale kila siku nasikiliza mlango," akasema. "Nani amegonga, ameleta faili gani. Miguu imechoka tayari. Sitaki na masikio yachoke."

Mjomba akatikisa kichwa, akasema yeye hayumo, na kwa kuthibitisha kwamba hayumo akala ugali wetu wote.

Barua ya kueleza kosa niliiandika mimi, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, maana ile kompyuta nilikuwa siiamini tena. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Niliomba radhi mara nane na nikaeleza ugonjwa wa kitufe kwa kirefu.

"Kompyuta imeomba kazi?" mama akauliza.

"Haijaomba."

"Itoe."

Ya pili nikaandika kwamba aliyechapa ni mtoto. Akanirudishia. "Saini ya chini ni ya nani?"

"Yako."

"Basi mtoto anafanya nini humo? Mtoe naye."

Ikabaki mistari michache. Kwamba katika CV niliyoleta imeandikwa nina Stashahada ya Ufugaji Nyuki. Sina. Nina Astashahada. Ni kosa la uchapaji, na mimi nilisaini bila kulisoma. Nimeligundua jana, naleta cheti chenyewe mjionee kabla sijaanza kazi. Nilimwambia imekuwa kavu sana, haina hata "natanguliza shukrani". Akasema shukrani za nini, hawajafanya kitu.

Jumatatu nikamwomba niende naye. Alikataa, nikamfuata. Alikataa tena tulipofika barabarani, nikaendelea kumfuata kwa umbali wa mti mmoja hadi mwingine, mpaka akachoka kugeuka. Mjomba alikuwa amesusa, pikipiki hakuna. Tulitembea. Jua la kabla ya mvua hapa kwetu halikuchomi kwa hasira, linakuchoma kwa utaratibu, kama linafuata orodha. Vumbi jekundu lilipanda mpaka kwenye pindo la sketi yangu ya shule. Mama alisimama mara tatu kupumzisha miguu, na kila aliposimama alishika bahasha kifuani kwa mikono miwili. Nilihesabu watu waliotupita. Sikuwa na utani hata na mmoja.

Bosi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anamtazama mama, ambaye hakukaa hata alipoonyeshwa pa kukaa. Kile kiti kinachozunguka nilikiona nyuma ya meza ya pembeni, kitupu, bado kina nailoni.

Alisoma barua. Akasoma cheti. Akavaa miwani, akasoma vyote tena. Mashine upande wa pili ilikuwa inakamua.

"Mtani," akasema mwishowe. "Nyie babu zenu walibeba pembe za tembo kutoka huku mpaka kwetu pwani, kwa miguu, hawakudondosha hata moja. Leo mmeshindwa kufikisha A moja mpaka Itetemia?"

Mimi ndiye mchekeshaji wa familia, lakini hapo nikaona nimepata mpinzani.

"Tuliifikisha," mama akasema. Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilisimama. "Wazaramo mkaidokoa njiani."

Bosi akacheka kidogo, akavua miwani, na kicheko kikaisha nayo. Alisema nafasi ile inadai stashahada, hawezi kuigeuza, si yake peke yake. Alisema vyeti vyote wanavipeleka chuoni kuhakikiwa, na mama angefika kwenye uhakiki akiwa amenyamaza, barua ambayo angeandikiwa isingekuwa ya kazi. Kisha akaniona.

"Na huyu?"

"Ndiye aliyechapa," mama akasema. Kwenye barua alinitoa, mbele ya bosi akanirudisha.

"Ulikuwa unafikiria nini, binti?"

"Nilikuwa nafikiria S, mama," nikasema. "Ilikuwa ndogo."

Hakunielewa. Akasema turudi nyumbani, atapiga simu.

Hakupiga Jumanne. Hakupiga Jumatano. Mama alikuwa ameshawaaga wenzake jikoni, na ilibidi arudi kuwaamkia upya. Mpishi mkuu akamuuliza mbele ya watu kama kiti kilikuwa na miiba. Jioni alikuwa anaweka miguu kwenye beseni bila kusema kitu, na mimi nilikuwa naongeza chumvi bila kusema kitu, na mjomba alikuwa anapita mlangoni kusema "nilisema" kisha anaondoka. Maji yakipoa naongeza ya moto. Kwa siku hizo ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi. Kulikuwa na nafasi nyingine, iliyohitaji astashahada na mtu anayeijua asali: mpokeaji. Ni ya kudumu. Mpokeaji anakuwa kwenye mlango wa nyuma, wanakijiji wanapoleta ndoo zao. Anafungua kila ndoo, ananusa, anaonja, anapima maji yaliyomo, anaikubali au anairudisha, na anavumilia matusi ya aliyerudishiwa.

Mama aliuliza swali lilelile. "Anakaa?"

Nilisikia bosi akijibu, sauti imepasuka kwenye spika: "Mpokeaji anasimama, mtani. Ila saa kumi mnafunga."

Mama alitazama beseni. Halafu akasema atakuja.

Ndipo aliponiita hivyo kwa mara ya kwanza. Alikata simu, akainua mguu mmoja kwenye maji, akasema bila hasira na bila kicheko, kama anataja jina nililobatizwa nalo: "Stashahada, maji yamepoa."

Ana miezi kadhaa sasa pale mlango wa nyuma. Nguo zake zinanukia moshi na nta badala ya ugali, na bibi anasema hilo ni jambo jema, ingawa sisimizi wamehamia kwetu rasmi. Miguu bado inavimba. Inavimba kidogo kuliko zamani, au labda mimi ndiye ninayetaka iwe hivyo. Kwenye kile kiti ameajiriwa kijana mwenye stashahada halisi, ina A zake zote inazostahili. Ni kijana mpole, na hajui kutofautisha asali ya miombo na sukari iliyochemshwa.

Likizo hii nilimpelekea mama funguo alizosahau nyumbani, nikapitia mlango wa nyuma. Pale anaposimama hakuwepo. Kulikuwa na foleni ya ndoo na wenyewe, na yule kijana katikati yao, ameinama, kidole mdomoni, anaonja asali kwa sura ya mtu anayefanya mtihani.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ameniambia nijifunze kuonja," akasema. "Kila siku saa sita ananiweka hapa kwa nusu saa. Anasema huwezi kuijua asali ukiwa umekaa."

Nikachungulia ofisini. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kandambili ziko sakafuni, miguu iko juu ya debe, macho yamefungwa. Hakukizungusha. Nilisimama mlangoni na funguo mkononi, nikazishika zisilie.

"Stashahada," akasema, bado macho amefunga. "Rudisha mlango."